Ami anataka nibaki Mombasa, KUCCPS inaniita Nairobi: nisomee wapi fedha?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 19, naishi Mtopanga. Nilipata gredi ya B katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na KUCCPS, taasisi inayogawa nafasi za vyuo, imenipa nafasi ya kusomea BCom, shahada ya biashara, katika chuo kikuu kikubwa cha umma Nairobi. Ami yangu, ambaye ndiye anayenilipia karo tangu nilipoingia sekondari, anataka nibaki hapa nisome CPA, uhasibu wa kitaaluma, katika chuo kidogo kilicho ghorofani mjini. Wanafunzi wake hawafiki 200. Ami anasema Nairobi nitapotea kwenye umati, na kwamba binamu yangu aliye Marekani alisoma koleji ndogo na sasa yuko katika benki kubwa New York. Ndoto yangu mimi ni uwekezaji: hisa, hati fungani, kusimamia fedha za watu. Baba ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, hana la kuongeza. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu kisha nitoe sababu: nenda Nairobi, kwa sharti moja la pesa ambalo nitalifikia, na mitihani ya CPA uianze ukiwa hukohuko chuo kikuu. Ami yako amesema kweli katika mambo kadhaa, na mtu aliyekulipia karo miaka yote hiyo anastahili kujibiwa kwa hoja. Kwa hivyo naandika kana kwamba naye amekaa nasi hapa barazani.

Kwanza habari ya binamu. Hapo neno moja limewachanganya. Marekani, koleji ndogo mara nyingi ni chuo kinachotoa digrii kamili ya miaka minne, na baadhi ya koleji hizo kuingia kwake ni shida kuliko vyuo vikubwa. Chukua Williams na Amherst, zote mbili katika jimbo la Massachusetts. Kila moja ina wanafunzi wapatao 2,000 tu, na hawafundishi shahada ya biashara. Anayetaka kazi ya benki husoma uchumi au hisabati, na wapo wanaosoma historia. Hata hivyo benki za New York huwafuata vijana hao, kama zinavyowafuata wa Wharton, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania iliyoanzishwa 1881. Zinafuata mchujo. Koleji hizo huchukua wachache sana kati ya wanaoomba, na waliohitimu zamani wamekwisha kukaa katika benki hizo, wanawavuta wadogo zao. Chuo cha ghorofani kwetu hapa hakichuji mtu wala hakitoi digrii. Kinakuandaa kwa mtihani unaotungwa kwengine. Kuvilinganisha viwili hivyo ni kulinganisha jahazi na ngalawa kwa kuwa vyote vina tanga.

Na huo mtihani wa kwengine ndio msingi wa jawabu langu. CPA hutahiniwa na KASNEB, bodi iliyoundwa 1969. Karatasi utakayoifanya Mombasa ni ileile anayoifanya mtu wa Nairobi, Kisumu au Garissa. Mlango wake ni C+ ya KCSE, nawe umeupita. Una ngazi tatu, na mitihani hufanywa Aprili, Agosti na Desemba. Cheti hakisemi ulisomea ghorofa gani. Wako hata waliojisomea nyumbani usiku, watoto wamelala. Maana yake ni kwamba CPA haikukimbii. Ukiikosa mwaka huu utaikuta mwaka ujao, utaikuta ukiwa na miaka 25, utaikuta ukiwa na 40. Nafasi ya KUCCPS haikungoji hivyo. Ukiiacha ipite, kuipata tena pamoja na msaada wa serikali uliomo ndani yake ni kazi ngumu. Nawajua watu wazima wenye CPA, wenye watoto, wanaolipa ada kamili ya madarasa ya jioni waipate digrii waliyoiacha wakiwa na umri wako, kwa sababu tangazo la kazi lilisema digrii na barua zao zikawekwa kando kabla hazijasomwa.

Sasa nikupe kisa nilichokishuhudia mwenyewe, maana ndicho kilichoninyoosha katika suala hili. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunatafuta msaidizi wa idara ya fedha, ofisi yetu ikiwa Nkrumah Road. Wakabaki wawili. Mmoja binti aliyemaliza chuo kikuu kikubwa kwa daraja la kwanza. Wa pili kijana wa Likoni aliyesoma CPA jioni katika chuo kidogo, mchana akiuza vipuri vya magari dukani. Niliwapa karatasi moja. Taarifa ya benki inasema tuna 412,600. Daftari letu la fedha linasema 398,150. Kuna hundi ya 18,000 tuliyoitoa ambayo mwenyewe hajaipeleka benki. Kuna 2,500 tulizoweka jioni ya mwisho wa mwezi, benki haijaziandika. Na benki imejikatia ada ya 1,050 ambayo sisi hatukuiandika. Tuna pesa ngapi hasa?

Kijana wa Likoni hakumaliza dakika tatu. Akachukua hesabu ya benki, akaongeza 2,500, akatoa 18,000. Akachukua ya daftari, akatoa 1,050. Zote zikatua 397,100, akaweka kalamu. Yule binti alikuwa bado anaandika maelezo ya nini maana ya kusuluhisha hesabu za benki. Maelezo mazuri, yamepangika, bila tarakimu hata moja.

Nikauliza la pili. Umenunua hati fungani ya serikali kwa 100, yaani umeikopesha serikali, itakulipa 112 baada ya mwaka mmoja. Kesho yake riba sokoni inapanda hadi asilimia 16. Ukitaka kuiuza hati yako siku hiyo, utapewa ngapi? Kijana akajibu 112, kwa kuwa ndizo zilizoandikwa. Binti akainua macho na kusema, "Gawa 112 kwa 1.16, maana mnunuzi sasa anataka asilimia 16." Akaandika 96.55, kisha akaeleza kwamba mwenye hati ameingia hasara ingawa serikali haijakosa kumlipa hata senti.

Kazi ile ilikuwa ya daftari, kwa hivyo tulimchukua kijana wa Likoni na hatukujuta hata siku moja. Lakini ingekuwa kazi ya kusimamia fedha za pensheni, ningemchukua binti bila kufikiri mara mbili, na hayo ya daftari ningemfundisha mwenyewe kwa wiki mbili. Kumfundisha yule kijana kwa nini 112 zimekuwa 96.55 kungetaka muda mrefu zaidi, maana nyuma yake kuna hisabati, kuna uchumi, kuna kuielewa Benki Kuu. Na hiyo, mwanangu, ndiyo kazi unayosema unaiota.

Kwa hivyo mtu akiniuliza chuo kikubwa au kidogo, mimi humuuliza kwanza: fedha ipi? Mombasa ina fedha zake, na si haba. Kuna Mnada wa Chai, unaokusanya chai ya Kenya na ya majirani kama Uganda, Rwanda na Burundi, bei zikitajwa kwa dola. Tangu 2020 mnada wenyewe unafanywa kwa kompyuta, lakini nyuma ya kila loti kuna mtu anayefuatilia malipo, anayebadilisha dola, anayemkopesha mnunuzi mpaka shehena iondoke. Kuna bandari ya Kilindini na mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Kila kontena ina ushuru wake, bima yake, na mara nyingi barua ya benki inayodhamini malipo. Baba yako anazijua karatasi hizo kuliko wahadhiri wengi. Mwombe akuoneshe moja kabla hujasafiri, akueleze kila mstari unamlinda nani.

Tena kuna benki za Kiislamu, jambo ambalo sisi wa pwani tumelizoea mpaka hatulioni kuwa ni taaluma. Gulf African ilifungua milango 2008, na hadi leo mtu anayeijua murabaha, kuuza kwa faida iliyotajwa, na mudharaba, ushirika wa mwenye mtaji na mwenye kazi, kwa hesabu zake, akaweza kuziandika vitabuni zikapita kwa mkaguzi, ni adimu. AAOIFI, taasisi iliyoko Bahrain inayoweka viwango vya uhasibu wa Kiislamu, hutoa vyeti vyake vya kitaaluma. Lau ungeniandikia kwamba unataka mojawapo ya kazi hizi, au kazi ya Sacco, au ya uhasibu wa hoteli, ningemwambia ami yako ameona mbali: baki hapa, soma CPA jioni, mchana ingia ofisini hata kwa posho ndogo, na baada ya miaka minne utakuwa na uzoefu ambao aliyekwenda Nairobi hana.

Lakini umetaja hisa na hati fungani, na meza za kazi hizo ziko Nairobi. Soko la Hisa, lililoanza 1954, liko huko. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iko huko. Makao ya Benki Kuu yako huko, na wasimamizi wa mifuko ya pensheni na uwekezaji wamejaa Upper Hill na Westlands. Mwanafunzi wa Nairobi anaweza kupeleka barua ya kuomba atachimenti, yaani mafunzo kazini, Jumatano mchana, kati ya vipindi viwili, na akaambiwa arudi Ijumaa akarudi. Wewe wa Mtopanga utakaa kwenye treni kwa muda wa saa tano au sita, utafute jamaa wa kukulaza, uambiwe mwenye ofisi katoka. Ukaribu huo una uzito machoni mwangu kuliko jina la chuo lenyewe.

Hofu ya ami kuhusu umati ni ya kweli, na hapo simpingi hata kidogo. Katika chuo kikubwa, kipindi cha uhasibu cha mwaka wa kwanza kinaweza kuwa na mamia ya wanafunzi, wengine wamesimama mlangoni. Mhadhiri hatakujua kwa jina. Alama za mtihani hupotea, na wewe ndiye utakayezitafuta ofisi hadi ofisi. Migomo ya wahadhiri huigeuza miaka minne ikawa mitano. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na mtoto aliyezoea shule ambayo hata bawabu anamjua baba yake anaweza kuzama huko asisikiwe na mtu. Dawa yake ninayoijua ni kujijengea chuo kidogo ndani ya kile kikubwa, na kukijenga mapema, muhula wa kwanza. Tafuta wenzako wanne walio makini, mkutane siku mbili kwa wiki, mfanye maswali kwa kalamu badala ya kusomeana daftari. Chagua mhadhiri mmoja, mmoja tu, umwendee ofisini na swali ulilolihangaikia kweli, mpaka akujue. Huyo ndiye atakayekuandikia barua siku ya kuomba kazi. Kila karatasi ya jaribio inayorudishwa, ipige picha siku hiyohiyo. Na kama kuna klabu ya uwekezaji ya wanafunzi, jiunge nayo hata kama mwanzoni huelewi wanachozungumza.

Alhamisi iwe siku yako ya soko. Benki Kuu hutangaza matokeo ya mnada wa hati za hazina, mikopo mifupi ya serikali, kila wiki, za siku 91, 182 na 364. Ziandike riba hizo kwenye daftari, kila Alhamisi, na pembeni uandike kwa maneno yako unadhani kwa nini zimepanda au zimeshuka. Utakosea sana miezi ya mwanzo. Mwaka ukiisha utakuwa na kitu ambacho huwa sikioni kabisa kwa vijana wanaokuja kunitaka kazi: rekodi ya kufikiri kwako mwenyewe.

Kuhusu mitihani ya KASNEB, anza na ngazi ya kwanza ya CPA. Iko pia CIFA, ya wachanganuzi wa uwekezaji na fedha, taaluma ambayo tangu sheria ya 2015 ina taasisi yake, ICIFA, kama wahasibu walivyo na ICPAK. Hiyo ndiyo iliyo karibu na ndoto yako. Hata hivyo mimi ningekutanguliza kwenye CPA, kwa sababu asiyeweza kusoma mizania ya kampuni, mali yake na madeni yake, hawezi kujua hisa yake ina thamani gani, na kwa sababu kazi za kwanza nyingi zinaitaja CPA. Uchumi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu na uchumi wa ngazi ya kwanza ya CPA ni jamaa wa karibu: unasoma mara moja, unafanya mitihani miwili. CFA, cheti cha Wamarekani cha wachanganuzi wa uwekezaji, iache kwanza. Inalipiwa kwa dola, na si mzigo wa kumtwika ami.

Sasa lile sharti. Nafasi ya KUCCPS si kusomeshwa bure. Tangu 2023 msaada hugawanywa kwa kupima uwezo wa familia: sehemu ni ufadhili wa serikali, sehemu ni mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, utakaoulipa mwenyewe baadaye, na sehemu inabaki kwa familia. Juu yake kuna chumba, chakula, nauli, na matumizi madogomadogo ambayo kwa Nairobi hayawi madogo. Kaa na baba na ami, mwandike hesabu ya mwaka mzima, siyo ya muhula mmoja. Ikiwa pengo linaweza kuzibwa kwa miaka miwili ya mwanzo bila mtu kuuza kiwanja wala kukopa kwa riba, nenda. Ikiwa haliwezi, usiende kwa matumaini matupu, kwani kuacha masomo mwaka wa pili ndiyo hasara mbaya kuliko zote: deni la HELB unalo na digrii huna.

Hapo kuna njia ya tatu ambayo hakuna kati yenu aliyeitaja. KUCCPS huwa na kipindi cha kuomba kuhamishwa chuo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hapo Tudor, kilichotokana na ile MIOME ya elimu ya Waislamu waliyoijua wazee wetu, kimekuwa chuo kikuu kamili tangu 2013 na kinafundisha biashara. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Ukisomea Tudor unalala nyumbani, unakula nyumbani, digrii unaipata, na CPA unaifanya jioni mjini. Utakosa ule ukaribu wa Upper Hill, kwa hivyo likizo ndefu itakubidi uende ukafanye atachimenti Nairobi. Lakini miezi mitatu kwa jamaa ni gharama ya kubebeka.

Na ikiwa hata hilo limeshindikana, basi chuo cha ami, bila kinyongo. Strathmore nayo ilianza 1961 ikiwa koleji ndogo, ikajenga jina lake kwa uhasibu, hadi ikapewa hati ya chuo kikuu 2008. Ila usilipe shilingi kabla hujakitembelea hicho cha ami jioni, maana walimu wazuri wa CPA mchana wako kazini. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja karibu na Mwembe Tayari, ghorofa ya pili, feni inagonga, wanafunzi 14. Mwalimu alikuwa ametoka ghala la chai la Shimanzi, shati bado lina vumbi. Akatoa bahasha ya karatasi halisi za shehena, majina yamefutwa kwa wino, akawataka watafute kosa lililoifanya benki ikatae kulipa. Walihangaika nusu saa. Msichana mmoja ndiye aliyeliona: tarehe ya kupakia melini ilikuwa siku mbili baada ya ile iliyoruhusiwa. Darasa kama lile simzuii mtu kwenda.

Nina kidonda pia upande huo. Mpwa wangu alilipa ada ya mtihani katika ofisi ya chuo chake, mkono kwa mkono. Siku ya mtihani jina lake halikuwamo. Pesa hazikufika KASNEB. Akapoteza msimu mzima, na aibu ya kurudi nyumbani asubuhi ile na rula yake mkononi sijaisahau. Kwa hivyo usajili wa KASNEB ufanye mwenyewe, ulipe mwenyewe, risiti uweke. Uliza kama chuo kimeidhinishwa na KASNEB na kama kina leseni ya TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, kisha omba simu za watu watatu waliomaliza hapo karibuni uzungumze nao. Chuo kinachokataa kukupa hata mmoja kimekujibu.

Ukienda kwa ami, usiende kumwambia umekataa rai yake. Mwambie CPA aliyoitaka utaifanya, na kwamba zile pesa alizokusudia kukilipa chuo unaziomba kwa matumizi mengine: usajili na mitihani ya ngazi ya kwanza ya KASNEB, laptopu ya mtumba inayoweza kubeba Excel, na nauli ya kukurudisha Mombasa Desemba. Ukifika chuoni Septemba usikimbilie mtihani wa Desemba hiyo. Uzoee mji kwanza, ulenge Aprili. Matokeo yakitoka, ami yako ayaone kabla ya rafiki yako yeyote.